Kila swali la entretien liko na mwaka wake wa kuzaliwa



Kila mwaka, wakati diploma zinatoka, ujumbe mmoja unarudi: "Mukubwa, niko na entretien kesho, kazi ya mazingira kwa kampuni ya mgodi. Wanaulizaka nini?" Wakubwa wanatuma liste ya maswali na majibu. Mdogo anakariri usiku mzima. Asubuhi anakaa mbele ya watu watatu, wanamuuliza mambo yaleyale lakini kwa njia ingine, na kichwa kinabaki cheupe.

Leo sitatuma liste. Nitaandika historia, juu nimetambua kitu kimoja: yale maswali hayakuanguka toka mbinguni. Kila moja liko na mwaka wake wa kuzaliwa. Kuna mahali udongo uliharibika, ao mto ulibadilika rangi, ao sheria ilipigwa saini, na kisha pale swali likazaliwa. Mutu mwenye kujua swali lilitoka wapi, hata wakiligeuza mara tano, atalitambua tu.

Nitaongea sana juu ya Katanga, ni huku kazi nyingi za aina hii ziko. Wale wa Kivu, Ituri na Kasai wasikasirike: sheria ni moja, ni udongo tu njo tofauti.

1. Wakati waliuliza mwili tu

Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uleule walifungua Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafutia migodi na reli wafanyakazi. Union Minière du Haut-Katanga yenyewe ilikuwa imezaliwa mwaka 1906. Watu walitolewa vijijini mwa Katanga, wengine Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, baadaye Kasai na Ruanda-Urundi.

Ile ndiyo mahojiano ya kwanza ya kazi kwetu huku, na haikuwa na maneno mengi. Daktari alitazama mwili: huyu iko na nguvu, huyu hana. Nani angemuuliza babu yetu maoni yake juu ya maji ya mto? Alihitajiwa mkono, hakuhitajiwa kinywa. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mpango: kontra za miaka mitatu, mfanyakazi analeta bibi na watoto kambini, kuna shule na hospitali ya kampuni. Maisha yakawa bora kidogo, lakini kazi ya mutu wa kuangalia udongo, hewa na maji haikuwepo kwa liste ya kazi. Kama kazi haiko, swali lake pia haliko.

Mukumbuke hii. Sisi tunaona mahojiano ya kazi ya mazingira kama kitu cha kawaida. Kwa miaka karibu 90 ya migodi ya kisasa kwetu, kazi hiyo kama tunavyoijua leo haikuwa.

2. 1911: "Hali ya mwanzo ilikuwa nini?"

Tarehe 30 Juni 1911, miaka 49 kamili mbele ya Uhuru, shaba ya kwanza ilimwagika kwa kiwanda cha Lubumbashi, kwa mawe yaliyotoka mgodi wa Étoile. Kiwanda kikakua, cheminée ikapanda, na ule mlima mweusi wa takataka za tanuru, terili, ukawa alama ya mji. Tunapiga photo pale bila kufikiri sana.

Sasa tufikiri kama wanaagronomia. Mawe ya shaba yenye sulfuri ukiyachoma, yanatoa gazi ya sulfuri. Ile gazi ikikutana na maji ya hewa inakuwa asidi. Pamoja na moshi kunatoka vumbi yenye shaba, risasi, kadmiamu, aseniki. Upepo mkubwa wa Lubumbashi wakati wa kiangazi unatoka kusini-mashariki. Basi moshi ulienda upande mmoja, miaka na miaka: kaskazini-magharibi. Miti ikakufa, watu wakakata makala kwa ile iliyobaki, mvua ikabeba udongo wa juu. Watafiti wanaita ile nafasi "koni ya uchafuzi". Ukifika upande wa Penga Penga utaona udongo ulio wazi, mahali hata jani la kawaida linakataa kuota.

Hapa njo swali la kwanza linazaliwa. Utaulizwa: "Mbele ya kuanza mradi, utafanya nini?" Ao: "État initial ni nini?" Ao: "Juu ya nini tupoteze pesa kupima mahali ambapo hatujaanza kuchimba?" Ni swali moja lenye nguo tatu.

Jibu liko Penga Penga. Mwaka 1911 hakuna mutu alichukua udongo wa pale, akaupima na kuandika: kabla ya moto, shaba ilikuwa kiasi hiki, asidi kiasi hiki, miti aina hizi. Na Katanga si nchi ambapo unaweza kusema kila shaba iliyo ndani ya udongo ni kosa la kiwanda. Vilima vyetu viko na shaba ya Mungu. Babu zetu waliiyeyusha zamani sana, misalaba ya shaba inakutwa hata ndani ya makaburi ya kale ya Upemba. Basi leo mtafiti akitaka kujua kiwanda kiliongeza kiasi gani, inabidi atafute udongo wa mbali unaofanana, alinganishe. Kama mwaka 1911 kungekuwa daftari moja tu, kurasa kumi, mabishano mengi yangeisha.

Ukijibu namna hii, hutahitaji kukariri ufafanuzi wa kitabu. Utasema: hali ya mwanzo ni ushuhuda. Inalinda wakaaji kama kampuni imeharibu, na inalinda kampuni kama shaba ilikuwepo tangu mbele. Wakubwa wa kampuni wanasikia vizuri sana ile sehemu ya pili.

3. Maua ya shaba: "Agronome anakuja kufanya nini hapa?"

Hili swali nimeulizwa mimi mwenyewe, kwa kampuni moja ambayo sitataja jina. Mmoja wao alisoma CV yangu, akaona agronomia, akauliza kwa kicheko: "Sisi hatulimi mahindi." Wengi wenu mutalisikia. Tunaomba kazi ya injenia wa mazingira, mbele yetu kuko ma-polytechnicien na watu wa kemia, na wanatuona kama watu wa jembe.

Musikasirike. Jibuni kwa historia.

Mwaka 1892 Jules Cornet, mwanajiolojia wa Ubelgiji, alipita Katanga na kuandika juu ya madini. Lakini vilima vya shaba vyenyewe vilijulikana mbele yake, na hata majani yalivionyesha. Ukiwa porini, miti inaisha ghafla, unafika kwa nafasi ya wazi yenye majani mafupi na maua: pale chini kuko shaba. Kuna mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, unaopenda udongo wenye shaba hivi kwamba hata wanaakiolojia wameufuata ili wapate matanuru ya kale ya kuyeyushia. Kuna Crotalaria cobalticola, ambayo jina lake tu linasema inapenda nini. Miaka ya 1950 Paul Duvigneaud alianza kuandika kwa utaratibu mimea ya udongo wa shaba, kisha François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, akaendelea na ile kazi maisha yake yote.

Halafu swali likageuka. Zamani walisema: jani linaonyesha shaba iko wapi, twende tuchimbe. Miaka ya 2000 na 2010 watu wa Faculté des Sciences Agronomiques ya UNILU, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wakauliza kinyume: jani linaloweza kuishi ndani ya shaba, linaweza kufunika kidonda cha shaba? Wakajaribu kwa udongo wa Lubumbashi majani ya asili kama Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na komposti. Chokaa inapandisha pH, shaba inapunguza mwendo, mizizi inapata nafasi. Jani halitoi shaba ndani ya udongo. Linaifunga pale pale, ili vumbi isiruke kwa nyumba za watu na mvua isiibebe mtoni.

Basi swali "utarudisha namna gani kilima kilichochimbwa?" lilizaliwa mikononi mwa wanaagronomia. Mutu atakayekujibia haraka "nitapanda eukaliptus" hajui hii historia. Wewe utauliza kwanza: pH ni ngapi, udongo wa juu uliwekwa wapi wakati wa kufungua mgodi, mbegu za majani ya pale pale zilikusanywa? Mimi yule bwana wa mahindi nilimwambia: kidonda kikubwa cha mji huu, waliojaribu kukifunika ni watu wa jembe. Aliacha kucheka, akaandika kitu kwa karatasi yake.

4. 2002: "EIES, PGES, tofauti ni nini?"

Sasa tufike kwa maswali ya sheria, yale watu wanakariri zaidi na kusahau zaidi.

Union Minière ilichukuliwa na serikali, kuanzia 1967 ikawa ya taifa, na baadaye jina likawa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka mmoja. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, nchi ikaingia kwa matatizo yote tunayojua, na mwanzo wa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 30,000. Serikali ikatafuta namna ya kuita wawekezaji. Kwa msaada wa Benki ya Dunia ikaandikwa Code minier, sheria namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, kisha Règlement minier ya tarehe 26 Machi 2003.

Ndani ya ile sheria kuko kitu ambacho babu yetu wa 1910 hangeamini: ili upate haki ya kuchimba, lazima ulete uchunguzi wa madhara kwa mazingira na mpango wa kuyapunguza, na uweke garanti ya pesa ya kurudisha nafasi. Bila dosie hii, permi haitoki. Pale njo kazi yetu ilizaliwa. Haikutokea kwa sababu makampuni yaliamka siku moja na huruma. Ilitokea juu ya karatasi moja kwa dosie iliyohitaji mutu wa kuiandika na kuifuata.

Baada ya pale: sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kanuni za msingi za kulinda mazingira, ambayo haihusu migodi peke yake. Mwaka 2014 ikaundwa Agence Congolaise de l'Environnement, ACE, ambayo inachunguza zile dosie. Tarehe 9 Machi 2018 Code minier ikarekebishwa kwa sheria 18/001. Mbele ya 2018, kwa migodi tulisema EIE na PGEP. Baada ya 2018 tunasema EIES na PGES. Ile "S" ya mwisho ni ya watu: "sociale". Uchunguzi hauangalii tena maji na miti tu, unaangalia pia mashamba, makaburi, shule na maisha ya wakaaji.

Tofauti basi ni rahisi ukijua mwendo wake. EIES inajibu: mradi huu utaharibu nini, nani na kiasi gani? PGES inajibu: tutafanya nini juu ya kila baya, nani atafanya, kwa pesa gani, na tutapima namna gani? Na PAR ni ile ndogo, ya wakati bado wanatafuta madini tu. Usijibu kwa kusoma maneno yaliyofupishwa. Eleza kama unaeleza mama yako sokoni. Mwenye kueleza hivi, wanajua ameelewa.

5. Maji: "pH imeshuka kwa 4, unafanya nini?"

Hili wanalipenda sana. Wakati mwingine wanakupatia karatasi yenye tarakimu, wanasema: toa maoni.

Mwaka wa kuzaliwa? Kuko miwili. Wa kwanza ni 1929, wakati kiwanda cha Shituru, kule Likasi, kilianza kutoa shaba kwa asidi na umeme, pahali pa moto wa tanuru. Wa pili ni miaka ya baada ya 2002, wakati viwanda vingi vipya vilifunguliwa Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi, vingi vikitumia njia hiyo: unavunja jiwe, unaliloweka ndani ya asidi ya sulfuriki, unavuta shaba na kobalti. Tanuru lilichafua hewa zaidi, asidi inatisha maji zaidi. Ndiyo maana leo watakuuliza pH mara kumi mbele ya kukuuliza moshi.

Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa UNILU na wenzake wa chuo kikuu cha Leuven walichapisha uchunguzi wa mikojo ya wakaaji wa Katanga. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini kuliko watu wa mbali, na watoto walikuwa kati ya walioguswa zaidi. Mwaka 2018 wakachapisha mengine juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba hadi ndani ya parseli za nyumba. Kisha pale, tarakimu ya labo haikuwa tena ya mto tu. Ikawa ya mwili wa mtoto.

Kwa hiyo wakikuuliza pH 4, usikimbie kusema "nitaweka chokaa." Chokaa itakuja. Kwanza: pima tena, na apareyi iliyosawazishwa, juu sonde chafu inasema uongo. Pili: pima juu ya mahali pa kutupia maji na chini yake, ili ujue baya linatoka kwetu ao linakuja toka mbele. Tatu: julisha mkubwa kwa maandishi, uombe wafunge ile sehemu. Ine: nani anakunywa chini? Kuna kisima, kuna bustani ya mboga, kuna watoto wanaoga? Wajulishwe. Tano: chokaa, na kutafuta chanzo. Watahiniwa wengi wanasahau namba ine. Wanaongea juu ya mto kama vile hakuna mutu kwa ukingo.

6. Bwawa: "Ukiona ufa mdogo?"

Baada ya kuvuta shaba, kunabaki matope mengi sana. Yanawekwa ndani ya bwawa lenye kingo za udongo. Miaka mingi mambo ya bwawa yalikuwa ya wahandisi peke yao. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa lilibomoka Mariana, Brazil, watu 19 wakakufa. Tarehe 25 Januari 2019 lingine Brumadinho, nchi ileile, likaua watu 270. Mwaka 2020 ikatoka kanuni ya kimataifa ya mabwawa ya matope ya migodi, na makampuni makubwa yakaahidi kuifuata.

Musiseme Brazil ni mbali. Mwaka 2021 uchafu kutoka mgodi wa almasi wa Catoca, Angola, ulishuka hadi kwetu ndani ya Tshikapa na Kasai. Maji yakawa mekundu, samaki wakakufa, na waziri wetu wa mazingira akatangaza watu 12 waliokufa. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la kiwanda cha shaba lilibomoka Chambishi, Zambia, jirani kabisa. Asidi ikafika mto Kafue, na Kitwe maji ya bomba yakakatwa.

Basi swali la ufa limezaliwa juzi tu, na lingali linakua. Kwa mutu wa kazi ya kwanza, jibu halihitaji hesabu kubwa. Hauko wewe wa kusema kama bwawa ni zima. Wewe uko macho: unatembea juu ya ukingo kila siku iliyopangwa, unaandika saa, unapiga photo na kitu cha kupimia kando ya ufa, unapeleka siku ileile, na kama hakuna anayejibu, unapeleka tena juu zaidi. Wanataka kujua kama utaandika, ao utangoja mpaka kesho.

7. Watu: "Mzee wa kijiji amefunga barabara"

Code ya 2018 ililazimisha kampuni kuweka pembeni angalau 0.3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya wakaaji, na kusaini nao cahier des charges. Mbele ya pale, shule ao kisima ilikuwa kama zawadi. Baada ya pale ni deni. Ndiyo sababu leo watakuuliza juu ya kijiji, hata kama umeomba kazi ya kupima maji tu.

Hapa sisi tuko na kitu ambacho mgeni hana: tunajua kusalimia. Kufika kwa chifu mbele ya kufika kwa shamba, kukaa kama wanakupatia kiti, kusikiliza mama anayesema maji yanawasha ngozi bila kumkatisha na neno la kemia. Semeni hivyo bila haya. Lakini musiahidi kitu ambacho hamuna mamlaka juu yake. Kijana wa kwanza wa kampuni aliyeahidi kisima, kisha kisima hakikuja, ameharibu njia ya wote watakaokuja nyuma yake.

8. "Uko na expérience ya miaka mingapi?"

Hili linatuumiza zaidi, hata kwa kazi wanayoita ya mwanzo. Nalo liko na historia. Gécamines ilifundisha watu wake: shule zake, senta zake, mutu aliingia kijana akatoka mzee. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaenda. Kampuni mpya zikakuta mji umejaa watu waliofundishwa na mwingine. Kwa miaka kadhaa hawakuhitaji kufundisha mutu, paka kuchagua. Mimi naona swali la expérience lilipata nguvu pale. Wale wazee sasa wamechoka, wengine wamekufa, lakini swali limebaki kama kiti cha marehemu ambacho hakuna anayekiondoa.

Tujibu namna gani? Kwa vitu vyenye tarehe. Staji yako, mémoire yako: ulichukua sampuli ngapi, wapi, kwa kina gani, ulikosa nini, ulirudi mara ngapi? Mutu aliyefanya TFC juu ya udongo wa bustani za mboga za mji wake ameshafanya kazi ya mazingira. Aseme hivyo, na daftari lake la uwanja mkononi.

9. Swali lako wewe

Mwisho watakuuliza: "Uko na swali?" Wengi wetu tunasema "hapana, asante" ao tunauliza mshahara. Mshahara uulizeni, si zambi. Lakini muongeze moja: "Mkubwa wa mazingira anatoa ripoti yake kwa nani?"

Nieleze. Kazi hii ni ya ajabu: kampuni inakulipa ili upime kampuni. Mkubwa wa mazingira akiwa chini ya mkubwa wa uzalishaji, siku pH itashuka, yule mwenye kutakiwa kufunga mashine ni yuleyule anayelipwa kwa tani. Akiwa na njia ya kufika kwa directeur mwenyewe, karatasi yako iko na nafasi ya kusomwa. Ukiuliza hivi kwa upole, watajua umeelewa kazi kuliko kwa majibu yote uliyotoa. Na jibu lao litakuambia unaingia nyumba gani.

Juu ya nini nasisitiza hii? Juu historia yote niliyoandika hapa inaonyesha jambo moja. Swali huzaliwa baada ya maafa, karibu kila mara. Hali ya mwanzo tuliiuliza wakati miti ilikuwa imekwisha. Mkojo wa mtoto tuliupima wakati kobalti ilikuwa imeingia. Ufa tuliutazama wakati watu 270 walikuwa chini ya matope. Sisi njo kizazi cha kwanza hapa kwetu chenye kukuta kazi hii tayari, yenye jina, kiti na mshahara. Mutu wa kwanza kabisa, yule anayebeba chupa za sampuli na kujaza registre, njo anayeona kitu mbele ya wengine wote. Tarakimu atakayoandika leo saa mbili asubuhi, ao ile ataombwa "airekebishe kidogo", njo daftari ambalo mwaka 1911 halikuwepo.

Wenye mahojiano wiki hii, Mungu awasaidie. Fikeni mapema, viatu safi, dosie kamili, karatasi ya ONEM ndani. Na mukisikia swali gumu, musitafute jibu kwanza. Mujiulize: hili lilizaliwa mwaka gani, na nani aliumia? Jibu litakuja lenyewe.